Nilivyomkalimania Dada Yangu Lugha Nisiyoijua

Nimekosa! Naanza na hilo kabla hamjanionea huruma. Msiseme shetani alinituma. Ni mdomo wangu mwenyewe ulionituma, nikaenda nao mpaka Mexico.

Mimi ni askari magereza mstaafu, naishi Mbale, Uganda, upande wa Namatala. Zamani kazini tulimpata mfungwa mmoja aliyezungumza Kihispania. Alikaa kwetu wiki tatu tu. Alinifundisha kusema maji, asante, habari za asubuhi, na tusi moja nisiloweza kuliandika hapa. Basi! Lakini mtaani nikajigamba kwamba Kihispania nakijua kama Kigisu, lugha yetu ya nyumbani. Nani angenipima Namatala?

Mungu akanipima. Dada yangu ni mjane, anashona sweta za shule kule Jinja, na ana mtoto mmoja tu, Mutesi. Mutesi alikwenda Dubai kufanya kazi hotelini, akapendana na fundi wa meli kutoka Mexico, jina lake Ramiro. Harusi ikapangwa kwao Ramiro, tiketi zikatumwa. Dada akanipigia simu.

"Afande, wewe lugha yao unaijua. Mimi hata Kiingereza kinanishinda. Twende ukawe mdomo wangu."

Hapo ndipo ningepaswa kusema sijui. Nikasema, "Dada, hilo dogo."

Jamani, ule mji wa kwao Ramiro ni mzuri! Mdogo, umezungukwa na mashamba ya mizabibu. Nyumba walizojenga Wahispania zamani bado zimesimama, hii ya manjano, ile ya waridi, barabara za mawe, kanisa lenye minara miwili. Dada akatazama zile baraza na nguzo zake, akasema, "Afande, hii ni Jinja mjini kabisa, ila wenzetu wamekumbuka kupaka rangi."

Siku moja kabla ya harusi, Mama Ramiro alitualika chakula cha mchana shambani kwake. Ni mama mwenye mikono migumu ya kazi, na divai anatengeneza mwenyewe. Mutesi na Ramiro walikuwa wanatoka kwenda kwa padri. Mutesi akanipa simu yake. "Mjomba, hii inatafsiri. Itawasaidia."

Nikamrudishia. "Mwanangu, simu haiwezi kubeba heshima ya wazee."

Eh! Mjinga mimi!

Tukabaki watatu. Mama Ramiro akashika mkono wa Dada, akaongea kirefu, machozi yakimlengalenga.

"Anasemaje?" Dada akauliza.

"Anasifu gauni lako."

Dada naye akafungua moyo. "Mwambie baba yake Mutesi alikufa mtoto akiwa bado ananyonya. Nimemlea kwa sindano na uzi. Mwambie simuuzi mwanangu, ninampa, na amtunze."

Nikakohoa. Nikamwambia Mama Ramiro: asante. Kisha nikaongeza: maji. Akanimiminia maji.

Halafu mama yule akaweka glasi chini, akauliza jambo polepole, kwa sauti ya chini, huku akijipapasa tumbo. Nikaona tumbo, nikawaza chakula.

"Anauliza kama umeshiba."

Dada uso ukang'aa. Akatikisa kichwa kukubali, akajipiga tumbo, akachora kwa mikono miwili jinsi lilivyojaa, duara kubwa. "Sana! Tena sana!"

Mama Ramiro akafanya ishara ya msalaba. Akainuka, akaingia jikoni, tukasikia kilio.

"Nimekosea nini?" Dada akashtuka.

"Wakifurahi ndivyo wanavyolia," nikasema. "Ni mila yao."

Maharusi waliporudi, Ramiro akaitwa jikoni. Alitoka uso umekuwa majivu. Alikuwa amekaa melini miezi kumi, karudi wiki ileile. Akamuuliza Mutesi kwa Kiingereza, "Mimba hii ni ya nani?"

Mutesi akapiga ukelele. Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, umewaambia nina mimba?"

"Mimi? Mimi nimesema nimeshiba!"

Wote wakanitazama, hata mbwa wa nyumba ile.

"Mjomba, ulielewa alichouliza?"

"Sikuelewa. Sijaelewa neno hata moja tangu tushuke kwenye ndege."

Mutesi akamweleza Ramiro, Ramiro akamweleza mama yake. Mama akanikodolea macho, kisha akacheka mpaka akashikilia meza. Ramiro akamwomba Mutesi msamaha palepale, na ilimchukua muda kuupata.

Dada hakucheka. "Na yale ya baba yake Mutesi, ulimwambiaje?"

"Nilimwambia... asante. Na maji."

Heri angenipiga! Alinipa mgongo tu, akayarudia maneno yake yote, Mutesi akayaweka kwa Kiingereza, na Ramiro akamfasiria mama yake. Ndipo nikajua kwamba yale niliyoyaita sifa za gauni, Mama Ramiro alikuwa anasema kwamba yeye pia ni mjane, na hatamwacha Mutesi alie peke yake katika nyumba ile. Wale wajane wawili wakakumbatiana wakalia. Mimi nilikaa pembeni na maji yangu.

Harusi ikafungwa. Njia nzima ya kurudi, Dada alijifunika blanketi gubigubi. Wakwe walipokuja Jinja baadaye kutambulishwa rasmi kwa ukoo, kusema neno la mjomba mbele ya wageni alipewa mdogo wangu. Mimi nilipangiwa kuelekeza magari yaegeshwe wapi. Nilielekeza vizuri sana! Hakuna aliyenisifu.

Ndugu msomaji, kama kuna kitu ulichojisifia ilhali hukijui, kakanushe leo, kabla hujaitwa kukifanya. Neno "sijui" linauma kidogo, kisha watu wanaendelea kunywa chai. Mimi sikulisema, na siku dada yangu alipokuwa na neno moja kubwa la maisha yake, mimi ndiye niliyelimeza.