Siku Baba Viti Aliponyamaza kwa Mhasibu

Ukitaka kumjua Baba Viti, mwulize bei ya kitu chochote. Hatakutajia pesa, atakutajia viti. Viatu vya mtoto kwake ni safu moja ya viti vya plastiki kwa siku, kung'oa jino ni safu mbili, na friji mpya ni harusi nzima pamoja na spika. Kazi yake ni kukodisha viti, maturubai na vyombo vya muziki, na jina hilo alibandikwa na majirani zamani sana, hata benki siku hizi wanamwita hivyo hivyo. Ni mtu mnene kiasi, mchangamfu, anayeanza kucheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe.

Na kusimulia, jamani! Ukiingia stoo kwake kuchukua viti, utatoka jua limeshahama upande. Kila kiti kina habari zake: hiki kilivunjwa mguu na mjomba wa bibi harusi akicheza, kile kilipotea mwaka mzima kikaja kuonekana kanisani kimekaliwa na mpiga kinanda. Mkewe, Mama Pacha, ndiye mshika pochi wa nyumba hiyo, na husema mumewe akiulizwa saa ngapi, huanza na habari za aliyemuuzia saa.

Miaka yote hesabu za kodi alizijaza mwenyewe, mezani jikoni, chai pembeni. Mwaka huu mambo yaliingiliana. Mama Pacha alikuwa amepangisha chumba cha uani. Baba Viti na dada yake walikuwa wameuza kiwanja cha urithi. Halafu kulikuwa na turubai kubwa jeupe, lile lenye madirisha, lililonunuliwa kwa mkopo wa benki, na ambalo ndilo lililokuwa likiwalisha, kwa kuwa wenye harusi kubwa hawataki kusikia habari za lingine. Baba Viti alizikodolea macho zile fomu, akajikuna, akazifunga.

"Tutafute mtaalamu," alisema Mama Pacha, mtu ambaye hata kiberiti hununua baada ya kufikiri.

Ofisi ya mhasibu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vioo. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na mezani pake palikuwa na saa ndogo iliyowatazama wateja. Hakuficha kitu. Alisema tangu mlangoni kwamba hulipwa kwa saa, akataja bei. Baba Viti aliibadilisha haraka kichwani: turubai dogo, viti vyake vyote, pamoja na usafiri. Akameza mate, akakaa.

Siku hiyo alikwenda peke yake, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kwenye mfuko wa risiti alizoleta Baba Viti, mhasibu alitoa risiti ya mabuti ya mvua, akauliza kama ni ya kazini. Jibu lilikuwa ndiyo. Lakini Baba Viti hawezi kusema ndiyo ikiwa uchi. Aliivalisha upepo ulionyanyua turubai na wageni wakiwa ndani, akaivalisha shangazi mmoja aliyeng'ang'ania nguzo huku sahani bado iko mkononi, akasimama kabisa kumwonyesha mhasibu shangazi alivyosimama. Mhasibu alicheka mpaka akafuta miwani. Risiti iliyofuata nayo ilikuwa na yake, na iliyofuata hiyo pia. Saa ndogo haikucheka. Iliendelea na kazi.

Ankara ilipofika nyumbani, ilikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza ulisema: kupitia risiti. Wa pili ulisema: maelezo ya mteja. Wa pili ulikuwa umeuzidi wa kwanza mara tatu.

"Maelezo ya mteja!" Mama Pacha alishika kiuno. "Baba Viti, umekwenda kumlipa mtu akusikilize?"

"Aliniuliza."

"Alikuuliza mabuti! Na kazi yenyewe bado nusu. Hii pesa si ndiyo tuliyoweka ya kodi? Ikipungua tena na kodi ikaja kubwa, tutauza nini? Niambie. Tutauza turubai kubwa, turudi kwenye yale madogo yanayovuja."

Baba Viti alijua ni kweli. Angeishia hapo mkewe, ingekuwa ugomvi wa kawaida wa watu wanaopendana. Lakini alikuwa amechemka, akaongeza: "Hizo hadithi zako hakuna anayezisikiliza. Watu wanangoja tu umalize."

Neno hilo lilimchoma. Kicheko kilimtoka usoni, akaenda stoo kupanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Alikumbuka nyuso za wote aliowahi kuwasimulia, akaanza kuziona upya, zikingoja tu amalize. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kitu kibaya kama kile, na aliyekisema ni yule ambaye, kila aliposimulia, yeye ndiye aliyemtaka acheke kabla ya wote.

Walipokwenda mara ya pili walikwenda wote wawili. Kwenye ngazi Mama Pacha alimkumbusha masharti: ndiyo, hapana, basi. Hakuhitaji kukumbushwa. Baba Viti alikuwa ameamua kunyamaza kama maji mtungini.

Mhasibu alishangaa, lakini kazi ilikwenda mbio. Kodi ya chumba cha uani?

"Ndiyo."

Kiwanja, nusu kwa nusu na dada?

"Ndiyo."

Mama Pacha alikuwa ameweka vidole viwili juu ya paja la mumewe, tayari kumfinya, akaona havina kazi. Aliitazama saa akafurahi. Kwa mwendo ule wangetoka humo na akiba yao.

"Hapa katikati ya mwaka kuna pesa kubwa imeingia benki," mhasibu alisema. "Ni ya nini, mzee?"

"Harusi."

"Malipo ya kukodi?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

Hakuna uongo hata mmoja hapo. Mhasibu aliiandika pamoja na mapato mengine, akabonyeza kikokotoo, akabonyeza tena kama mtu asiyependa alichokiona, kisha akakigeuza wakione. Kodi yenyewe, makadirio tu, lakini haitatofautiana sana.

Baba Viti aliibadilisha kuwa viti, viti vikaisha, akaingia kwenye maturubai. Lilikuwa turubai kubwa, la kuuzwa si la kukodishwa. Lilikuwa hilohilo, na madirisha yake. Alifungua mdomo, akakumbuka lile neno, akaufunga.

Mama Pacha ndiye aliyeshtuka. "Pesa ya katikati ya mwaka? Si ile ya viti vyekundu?"

Baba Viti aliitazama ile saa ndogo.

"Baba Viti! Mwambie huyu dada habari za viti vyekundu!"

"Niliambiwa ninyamaze," alisema taratibu. "Na saa inakwenda."

Hakuwa akimkomoa, ingawa ilionekana hivyo. Alijaribu, na hadithi iligoma kutoka. Mtu anasimuliaje huku akijua kwamba anangojewa amalize?

Mama Pacha alimtazama, akaelewa alichokivunja. Akavuta kiti mbele, akageukia mhasibu.

"Dada, ilikuwa hivi," akasema. "Bibi harusi anataka viti vyeupe. Mama mkwe anataka vyekundu."

Akanyamaza kidogo. Baba Viti aliinua kichwa, kwa sababu hapo ndipo yeye hunyamaza.

"Wamekuja stoo wote, ukoo huu na ukoo ule. Walishalipa kila kitu mapema, turubai kubwa, viti, maua, spika. Mama mkwe akakaa juu ya kiti chekundu, akasema, 'Mimi sinyanyuki hapa mpaka nisikie neno nyekundu.'" Na sauti ilikuwa ya mama mkwe yule, ile nyembamba ya puani ambayo Baba Viti alidhani ni yeye peke yake duniani anayeiweza. "Bibi harusi naye akakaa kwenye cheupe. Wanaume wakaanza kupatanisha, wakagombana wao. Kufika jioni harusi hakuna!"

Aliendelea hivyo hivyo. Alisimama pale ambapo mumewe husimama. Alipeperusha mkono pale anapopeperusha yeye. Alieleza jinsi Baba Viti alivyorudisha pesa yote, kidogo kidogo, nusu kwa baba wa binti na nusu kwa mjomba wa kijana, na jinsi wazee hao walivyotia sahihi karatasi moja, mmoja juu na mwingine chini, tena karatasi imegeuzwa, ili majina yao yasitazamane. Alimaliza na wale vijana wawili, waliorudi baadaye peke yao, wakaoana uani kwa Baba Viti wakiwa wamekaa, mmoja kwenye cheupe, mwingine kwenye chekundu, bila kulipa hata senti.

Mhasibu alikuwa ameinamia meza, mabega yanacheka. Kisha akanyoosha mkono kwenye rundo la makaratasi asiyoyaelewa, akatoa moja lenye sahihi iliyosimama na nyingine iliyopindukia kichwa chini.

"Nilidhani watoto wameichezea," alisema. "Mzee, pesa uliyoirudisha si mapato yako!"

Akaifuta, akabonyeza upya, akakigeuza tena kikokotoo. Turubai kubwa lilikuwa limerudi mahali pake. Mama Pacha alipiga makofi kama mtoto, na Baba Viti alikuwa akimtazama yeye, si kikokotoo.

"Ila maelezo nitayaandika kwenye ankara kama kawaida," mhasibu alisema, kwa haya kidogo.

"Andika, dada," alijibu Mama Pacha, akalipa papo hapo, turubai dogo na viti vyake vyote na usafiri, na hakukunja uso.

Walishuka ngazi. Mbele ya duka la vioo Baba Viti alisimama.

"Umeruka kitu," alisema.

"Nini?"

"Mama mkwe aliponyanyuka, kiti kilinyanyuka naye. Rangi ilikuwa haijakauka."

"Nimeiacha kusudi. Ningefika hapo, yule dada angecheka nusu saa nzima, na ni sisi tunaolipa." Akamshika mkono. "Sasa nisimulie mwenyewe, mume wangu. Tangu mwanzo. Huku nje ni bure."

Baba Viti akakohoa kidogo, akaanza na siku aliyonunua ile rangi.