Solange Kando ya Barabara ya Kanama

Katikati ya mji wetu wa Rubavu, ambao sisi wa zamani bado tunauita Gisenyi, kuna duka la valizi. Ndilo jina la masanduku ya safari huku kwetu. Mwenye duka huzipanga nje tangu asubuhi, jua likazipiga, na ukipita hapo unakutana na harufu ya gundi na mpira mpya. Wengine wakiinusa harufu hiyo huwaza ndege na nchi za mbali. Mimi hupandwa na hasira. Mtu mzima mimi, nina kazi yangu na mume wangu, lakini huvuka barabara nikapita upande wa pili kama ninayekwepa mbwa mkali.

Nilikuwa na miaka tisa baba alipoleta nyumbani valizi tano. Alikuwa mhasibu katika hoteli moja ya kando ya ziwa, na wenye hoteli hiyo walikuwa na nyingine Saint Lucia, kisiwa cha huko Karibea. Walimtaka aende akasimamie hesabu za huko kwa miaka mitatu. Nyumba wangetoa wao, shule wangelipa wao, na tiketi za mke na watoto pia. Mtaa mzima ulipata habari kabla sisi watoto hatujaambiwa. Mwalimu wangu alikitafuta kisiwa hicho kwenye ramani ya darasani akasema pale mahali pamechafuliwa na nzi, na mpaka leo nadhani ule uchafu wa nzi ndio uliokuwa kisiwa chenyewe. Majirani walitutania kwamba tunahamia kwa mtakatifu, kwa hiyo hatutahitaji tena kwenda kanisani.

Valizi zilikuwa za baba, mama, Solange, mimi, na mdogo wetu Patrick. Solange alikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulilala kitanda kimoja, yeye upande wa ukutani, na usiku alinipokonya blanketi bila huruma. Hakujua kusubiri. Viazi vikiwa bado vinatokota, yeye alishachomoa kimoja, anakirusha kutoka kiganja hiki hadi kile huku akipuliza, na mama akimkaripia alicheka mdomo umejaa. Alimwogesha Patrick, alinisuka nywele kwa kunivuta mpaka machozi, na aliyenigusa shuleni alikiona cha mtema kuni.

Mgeni akija akauliza kwa nini huyu mkubwa hafanani na wenzake, baba alikuwa na jibu moja. Wazazi wangu walirudi Rwanda kutoka Masisi, Kongo, na nyumbani tulisema Kiswahili cha huko. "Hapa hakuna mutoto ya mutu mwingine," alisema, na mgeni aliona haya na kuomba radhi. Mimi nilidhani wageni hao ni wajinga tu. Nilijivuna kuwa na baba anayejibu namna ile.

Jumapili ya mwisho watu walikuja kutuaga. Sebule ilijaa, tukanywa Fanta, na mchungaji akawaombea wasafiri watano, akiwataja mmoja mmoja kwa jina. Watu wazima walioijua kweli waliinamisha vichwa na kuitikia. Shangazi Vestine, dada yake baba, aliinuka akatoka nje kabla ya amina. Nilimwona na nikafikiri amekwenda kuangalia nyama jikoni.

Siku yenyewe ya safari, asubuhi, mama alimwita Solange. Alimwambia aende Kanama kwa shangazi Vestine akalete maharage, kwa sababu huko kisiwani hakuna maharage ya kwetu. Kanama iko kwenye barabara hiyo hiyo ya Kigali, kwa hiyo tungempitia. Solange alivaa gauni lake la njano la kanisani, la kupandia ndege, akapanda basi dogo akiwa na jirani yetu mmoja. Aliniachia amri nisimruhusu Patrick akalie dirishani, hapo ni pake.

Gari la kukodi lilikuja mchana. Wakapakia valizi nne. Niliburuta ya tano mpaka mlangoni, mama akanipokonya, akasema hiyo itaingia mwisho. Haikuingia. Nilipomwambia baba kwamba tumesahau valizi ya Solange, alijibu kwamba itafuata, na akafunga mlango wa gari. Ninyi mnaosoma mmekwisha kuelewa. Mimi nilikaa pale nikimlindia dada yangu dirisha.

Tulipita Rugerero, tukapanda vilima. Baadaye nilikuja kujua mpango ulivyokuwa. Shangazi alipaswa kumweka Solange nyuma ya nyumba, wapukuchue maharage pamoja hadi jioni, halafu amweleze. Kwamba baba na mama, waliomlea tangu akiwa mchanga, waliamini kuwa Solange anaweza kukaa kimya nyuma ya nyumba huku akisubiri gari, hilo ndilo jambo pekee katika habari hii ambalo ningeweza kulicheka.

Alikuwa barabarani. Alisimama penye magunia ya viazi, mahali mabasi yanaposimama, gauni la njano, mfuko wa maharage kichwani. Alituona kabla hatujamwona. Akautua mfuko, akapunga mkono, akicheka. Dereva alianza kupunguza mwendo.

"Mzee, ule si mutoto yenu?"

"Endesha," baba akasema.

"Lakini anatuita, mzee."

"Nimesema endesha."

Gari likapita. Nilipiga magoti juu ya kiti nikatazama nyuma. Solange alikuwa amenyanyua mfuko na anatukimbilia. Ukamwelemea. Basi akasimama, akauweka vizuri kando ya barabara, akaukunja mdomo ili maharage yasimwagike, ndipo akaanza kukimbia tena. Alidhani dereva hakumwona. Nilipiga kelele, nikampiga baba mgongoni, nikamng'ata bega mpaka mama akanivuta. Mama alikuwa amejifunika kitenge kichwa kizima. Patrick alilia kwa sababu mimi nalia.

Baba hakugeuka. Alimwambia dereva, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ule ni mutoto ya ndugu yangu, marehemu. Hatuko naye."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Solange si wa tumbo moja na mimi. Aliambiwa dereva, nami nikasikia.

Kuhusu kisiwa sina mengi. Watu wake hawakunikosea kitu. Bahari ilikuwa nzuri, ya vuguvugu hata asubuhi, na jirani yetu mmoja, mama wa makamo, alituletea shelisheli za kuchoma karibu kila wiki. Nilikichukia kisiwa kile chote, mchanga wake, na zaidi ya vyote furaha ya mama kila alipogundua kitu sokoni kinachofanana na cha kwetu. Siku aliyopata maharage mekundu aliyapika kwa mawese, akatuita mezani anacheka. Nilimwaga sahani yangu sakafuni. Hakunipiga. Aliyafagia tu.

Simu ilipigwa Kanama kila Jumapili. Solange alisema yeye mzima, shule inaendelea, shangazi anasalimu. Mara ya kwanza kabisa alimuuliza baba kama dereva hakumwona. Baba akamjibu kwamba dereva hakumwona. Nilikuwa nimesimama karibu naye, na alinitazama alipokuwa akisema hivyo. Akaongeza kuwa makaratasi yake yalikataliwa, kwamba Pasaka wataona. Pasaka zikapita. Miaka mitatu ya mkataba ikawa tisa.

Miaka yote hiyo niliamini kwamba kuna mtu mahali fulani, nyuma ya meza, aliyemkatalia Solange. Nilimchukia mtu huyo bila kumjua sura. Niliporudi Rwanda kwa masomo ya chuo nilikwenda Kanama, nikakaa na shangazi jikoni tukimenya viazi, nikamlaani mtu yule kwa sauti. Shangazi aliacha kumenya.

"Hakuna mutu alikataa," alisema. "Baba yako hakuomba."

Akanieleza. Wale wa hoteli walitaka mtoto awe wake kwa karatasi. Ilitosha baba afike ofisi ya sekta, yaani ya serikali ya eneo letu, asimame mbele ya karani na mashahidi, aseme kwamba huyu ni mtoto wa marehemu ndugu yangu, naomba niandikwe mlezi wake. Karani angepiga muhuri. Shangazi alikwenda kuwa shahidi, akasubiri kwenye benchi. Baba alifika, akawakuta watu wa mtaani kwetu wamejaa kwenye foleni, akarudia mlangoni. Alimwambia shangazi: "Mi niombe mutoto yangu mwenyewe, watu wanasikia?"

Kwetu mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako. Haombwi. Ukimwomba mbele ya watu, umetangaza kwamba hakuwa wako, na yeye umemtia aibu. Nililelewa na desturi hiyo na niliipenda, maana ndiyo iliyonipa dada. Kumbe hiyo hiyo ndiyo baba aliyojificha nyuma yake. Mtaani walimsifu kwa hilo, na wanamsifu mpaka leo.

Solange sasa ana watoto wawili na anaishi mwendo mfupi tu kutoka pale alipouweka ule mfuko. Baba akija kumtembelea, Solange anamwita papa, yaani baba, anamletea maji ya kunawa, na wageni wakiwapo anawaambia kwamba yeye ndiye kifungua mimba wa mzee. Baba anaitikia kwa kichwa. Mimi huondoka sebuleni, nikiogopa nitakachosema.

Neno lilikuwa moja tu. Ofisini lilimshinda kulisema ili Solange aende nasi. Garini alilisema, kwa dereva asiyemjua hata jina, ili gari lisisimame.