Spika Chini ya Gurudumu la Akiba

Mimi ni mtu wa kushuku. Sikufundishwa na mtu, nilizaliwa hivyo, na marehemu mama alikuwa akisema nitakuja kukishuku hata kivuli changu. Kwa hiyo Jumamosi ile, nikiosha gari nyuma ya nyumba tuliyopanga chumba karibu na Dagoretti Corner, nilipofungua buti nikakuta spika imefungwa kwa gazeti chini ya gurudumu la akiba, sikushangaa sana. Nilisema moyoni: haya, siku za mwizi ni arobaini.

Spika ile niliijua. Ilikuwa ya draivini, ule uwanja wa sinema nje ya mji ambako watu waliingia na magari yao, wakaegesha mbele ya ukuta mweupe mkubwa na kutazama picha wakiwa wameketi garini. Kando ya kila gari palikuwa na nguzo, na kwenye nguzo spika ya chuma yenye waya. Unaichukua, unaitundika kwenye kioo cha mlango, unapata sauti. Ukisahau kuirudisha ukaondoa gari, unakata waya na kwenda nayo. Hii niliyoikuta ilikuwa na waya uliokatika.

Mimi na mume wangu tulikuwa tukienda huko tulipokuwa wachumba, miaka ya kwanza baada ya Uhuru, kwa gari la kuazima. Mlinzi wa langoni alitutazama kama tumeliiba. Alitufungulisha buti aone kama tumeficha watu wasiolipa, na hata alipokuta jeki tu hakuridhika. Huko ndani nako watu walikuwa wakichunguliana kupitia vioo, kila mmoja akitaka kujua nani yuko na nani. Wakati huo tulicheka. Sasa tulikuwa na watoto wawili, gari kuukuu letu wenyewe, na mume ambaye kwa miezi miwili kila Jumanne alikuwa na kazi ya ziada ofisini mjini.

Nikalipekua gari. Kioo cha dereva hakikuwa na alama. Cha upande wa pili kilikuwa na mkwaruzo mpya. Mtu akienda peke yake hutundika spika upande wake, kwa hiyo pale palikuwa pameketi mtu, tena mtu anayebembelezwa, anayepewa sauti karibu na sikio. Chini ya kiti nilikuta maganda ya njugu. Na kiti chenyewe kilinukia mafuta ya kujipaka ambayo hayakuwa yangu.

Sikumuuliza. Nilinyamaza kama maji ya mtungini. Nilimpikia, nikampigia shati pasi, nikamwitikia vizuri, na huku nimekata shauri: nikimkuta na mwanamke, nachukua watoto wangu narudi kwetu, na hakuna mzee wa kanisa atakayenirudisha. Usiku nilikuwa nikiwapanga wanawake kichwani mmoja mmoja. Nilimshuku hata karani mmoja wa ofisini kwao, dada aliyekaa Kilimani, ambaye Krismasi alituletea keki. Maskini, nilimnunia bure, na hadi leo hajui kwa nini.

Jumanne ikafika. Nilimwachia jirani watoto, nikaitia spika kwenye kiondo, nikapanda basi hadi mjini na jingine la kutoka mjini. Nilifika jua likizama. Bila gari huruhusiwi kuingia, lakini nilimwambia mlinzi nimewarudishia mali yao. Aliitazama spika, akanitazama mimi, akaitazama spika tena. Miaka hiyo ya sabini watu walikuwa wanaziiba wakazifanyie redio nyumbani, na wenye uwanja hawakumwamini mtu yeyote. Alidhani nimetumwa na mwizi aliyeshikwa na dhamiri. Mwishowe aliniambia niipeleke pale kwenye duka la chai, na bila kuulizwa akaongeza kwamba watu wanaoondoka na spika huwa wanakimbia kitu. Hapo damu ikanichemka.

Uwanja ulikuwa umechakaa. Nguzo nyingi zilibaki na waya mtupu, nyasi zimeota kwenye matuta ya kuegeshea, na magari yenyewe hayakujaza hata nusu. Petroli ilikuwa imepanda, na wenye uwezo walikuwa wamenunua televisheni. Waliobaki, nikajiambia, ni wale wasiotaka kuonekana. Nilipita safu kwa safu nikichungulia. Watu waliinamisha vichwa, mmoja alinitukana, sikujali.

Gari letu lilikuwa safu ya mwisho. Vioo vyote vimepandishwa, umebaki upenyo wa kutundikia spika tu, upande wa abiria. Mume wangu hakuwamo. Kwenye kiti cha abiria alikuwamo mtu amejifunika blanketi hadi kichwani. Anajificha, nikasema. Nikafungua mlango, nikalivuta blanketi kwa nguvu zangu zote.

Alikuwa baba mkwe wangu.

Kwetu magharibi, mke hamkaribii baba wa mumewe. Hampi mkono, hali naye meza moja, hawalali chini ya paa moja. Mzee akiugua, mke wa mwanawe hulia huko jikoni, haendi kumtazama alivyolala. Na mimi nilikuwa nimemsimamia, blanketi lake mkononi mwangu, shati lake limefunguliwa vifungo vyote, kifua kinang'aa dawa ya kuchua, mbavu nje. Harufu ilikuwa ile ile ya kwenye kiti.

"Mama," akaniambia polepole, "geuka kwanza."

Niligeuka. Nilirudisha blanketi nyuma bila kutazama, akalipokea. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikiwa nimempa mgongo, aliniuliza kama watoto hawajambo, nikasema hawajambo. Akauliza kama wanajua babu yao yuko Nairobi, nikasema hawajui. Akasema vizuri, iwe hivyo.

Mume wangu alikuja na vikombe viwili vya chai. Alinieleza nyuma ya gari, kwa sauti ya chini. Mzee alikuwa anatibiwa kifua kikuu kwenye hospitali kubwa ya Nairobi, sindano yake ilikuwa kila Jumanne. Alikuwa akilala Kawangware kwa jamaa, kwa sababu sisi tulikuwa na chumba kimoja na hangeweza kulala ninapolala mimi. Alikuwa hajawahi kuona sinema maishani mwake. Katika majumba ya sinema ya mjini mtu akikohoa mara mbili safu nzima inageuka, lakini humu, vioo vikiwa juu, angeweza kukohoa atakavyo. Jumanne iliyopita alikohoa damu, na mume wangu akatimua gari bila kuikumbuka spika kiooni. Na mzee alikuwa amemwapisha: mke wako asinione nikiwa hivi.

"Ungeniuliza tu," mume wangu akasema.

"Ungenijibu?"

Akampelekea baba yake chai.

Kesho yake mzee alipanda basi akarudi nyumbani magharibi. Matibabu yalikuwa yamebaki miezi minne. Nilimtuma shangazi yake mume wangu apeleke kuku na kitambaa, kama desturi inavyotaka mtu akikosea mkwe, na mzee alivipokea, akatuma neno kwamba hana kinyongo nami hata kidogo. Ila Nairobi hatarudi, alisema, mkwe wake ameshamwona. Mume wangu alimfuata mara tatu kumsihi. Mara ya tatu alirudi akakaa kitandani na viatu miguuni hadi nilipomvua.

Mzee alifariki kabla mahindi hayajakomaa. Matangani, kila aliyeulizwa alisema ni kifua. Mume wangu naye aliulizwa, akasema ni kifua, na alipokuwa akisema hivyo nilimwangalia. Yeye hakuniangalia.