Wimbo Niliokuwa Nikiukata Mstari wa Tatu

Asubuhi za Malaba zilinuka dizeli. Harufu hiyo iliingia chumbani kwa mama kabla ya mwanafunzi yeyote, ikachanganyika na ya chapati za jirani na ya nta aliyopaka sakafuni ili wazazi waone hapa ni mahali pa heshima. Nilikuwa darasa la tano. Likizo hiyo mama alikuwa ameuza mitumba yake yote akanunua vinanda viwili, akapanga chumba nyuma ya lojing'i ya kulala wageni, akaanza kufundisha. Walikuja watoto wa kwaya, wengine wakivuka kutoka upande wa Uganda. Mimi nilifanya mazoezi mchana, chumba kikiwa kitupu, kwa sababu nilikuwa na haya kiasi kwamba hata paka akiingia niliondoa vidole.

Shida ilikuwa ukuta. Upande wa pili walilala madereva wa malori, watu wanaoendesha usiku kucha na kulala mchana wakingoja karatasi zao zipite mpakani. Siku moja Mama Nekesa, mwenye nyumba, alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mama Auma, mimi nakuheshimu, lakini wateja wangu hawalali. Mwisho wa mwezi unipe chumba changu." Jioni mama aliosha sufuria iliyokwisha kuoshwa, na usiku kucha nikamsikia akijigeuza kitandani. Mitumba haikuwepo tena ya kurudia, na mchana hakuna aliyepiga kinanda ila mimi.

Kesho yake alikuja dereva mmoja, mtu wa Pwani, kikoi kiunoni na macho mekundu, Mama Nekesa akimfuata nyuma. Nikajua tumeisha.

"Nani hupiga mchana?" akauliza.

Mama akanitazama. Nikainua mkono kama niko shule.

"Ni wewe, mwanangu? Sasa mbona wimbo huumalizi? Ukifika pale juu waukata. Waanza upya, waukata tena. Mimi nimelala pale nangoja umalize, usingizi wapita. Malori yanapiga honi nalala. Nimalizie tu."

"Si mlisema ni kelele?" Mama Nekesa akamkatiza.

"Tulisema hatulali, mama. Hukuuliza kwa nini."

Mama akajaribu kuzuia kicheko, kikamshinda. Akavuta kiti changu, akaniambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikakaa. Mstari wa tatu ulitaka vidole viruke mbali, na hapo ndipo nilipokuwa nikikwama kila siku. Vikaruka vibaya, sauti moja ikaenda kando, lakini sikusimama. Nikafika mwisho jasho likinitoka. Dereva akasema, "Alhamdulillahi," akapiga mwayo, akaenda kulala. Mama Nekesa akabaki anaangalia sakafu inavyong'aa. "Haya, kaeni. Lakini asiyeweza kumaliza wimbo asipige kabla ya saa kumi jioni." Ni kweli walivyosema wazee: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa niko kidato cha tatu. Malori bado yanapanga foleni, chumba bado ni chetu, na Mama Nekesa amemleta mjukuu wake ajifunze. Mimi haya hazijaniisha. Jumamosi mama akinipa wanafunzi wadogo nawafundisha nikiwa nimekaa kando, sipendi kutazamwa. Mjukuu yule akikosea hugeuka kuangalia mlango, na mimi humwambia aendelee tu. Siku zile nilidhani watu wakinisikia nikikosea watatufukuza. Walinisikia, tukabaki, na tangu siku ile mama analala vizuri.