Halima Aliyetaka Kusomea Mawe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo haijanitoka. Ilikuwa miaka ya sabini, hapa soko la mifugo Isiolo, nikipakia mbuzi wa kupeleka Nairobi. Nilikuwa kijana bado, lakini uliza mtu yeyote kutoka hapa hadi Gotu: hakuna aliyejua mbuzi kunishinda. Shule niliacha darasa la tatu, na lori lilikuwa langu, si la baba wala la mjomba.

Mdogo wangu Halima alikuwa kidato cha sita. Wazazi walikuwa wameshafariki, tumebaki sisi wawili, na nilimsomesha kwa hao mbuzi. Chuo kikuu wakati huo kilikuwa kimoja tu nchini, na wengi waliachwa nje. Ilibidi useme mapema unataka kusomea nini. Mimi nilishamchagulia udaktari. Hata nilianza kujiita kaka yake daktari.

Akaja pale kwenye lori, akatoa salaam, akasema, "Kaka, nataka kusomea mawe."

"Mawe gani?"

"Miamba, kaka. Ile iko chini ya ardhi, maji yanapopita."

Wapakiaji wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Dada, si uende hapo mtaani Kulamawe uokote bure!"

Nilisikia aibu, wacha tu. Nikamwambia Halima mbele ya watu wote: kama si udaktari, atafute kaka mwingine. Akainamisha kichwa. Hakulia, na hiyo ndiyo iliniuma.

Mzee Guyo, dalali aliyenifundisha biashara, alikuwa ameketi hapo na chai yake.

"Wario, uliacha ng'ombe za baba yako ukaja kuuza mbuzi. Nani alikuchagulia?"

"Nilijichagulia mwenyewe."

"Eeh. Kila siku unatuimbia hiyo mpaka masikio yamechoka. Na huyu mtoto si damu yako?"

Nikamwita Halima, nikamwambia aombe anachotaka. Halima akaomba mawe yake, akachukuliwa. Akafanya vizuri sana, wakampeleka ng'ambo kuendelea, na kazi ikamshika huko huko.

Leo nina nyumba kubwa mjini, mwanangu, na maduka. Jioni nachemsha chai ya maziwa ya ngamia, nainywa peke yangu. Idi ndiyo mbaya zaidi. Angekuwa daktari, pengine angekuwa hospitali ya hapa, anapita tukila pamoja. Nalifikiria sana hilo.

Lakini alipokuja mara ya mwisho, tulitembea barabara ya Gotu. Akainama, akashika jiwe, akaanza kunieleza lilivyotokea. Alizungumza mpaka jua likazama. Sikuelewa hata nusu. Ila sijaona mtu mwenye furaha kama ile, na kesho yake nilimpeleka mwenyewe kupanda basi.

Kwa hivyo nisikie, wewe unayejiandaa kwenda chuo. Unapochagua cha kusomea, usichague jina la watu kujisifu nalo sokoni. Chagua ile kazi ambayo ukianza kuieleza husikii njaa, halafu usome kwa bidii, maana nafasi ni chache na wanaozitaka ni wengi. Na ukifika huko mbali, kumbuka kuna mtu alikuachilia uende. Uje umwone.

Mungu akupe akili nzuri na safari ya amani. Akupe mvua popote utakapokaa, na akurudishe mzima, sisi tukiwa bado tupo.