Goti la Bi Ngazi

Mtaani kwetu wifi yangu huitwa Bi Ngazi. Ni dada mdogo wa marehemu mume wangu, na ni fundi rangi ambaye kazi yake haijawahi kurudishwa kwa malalamiko. Mafundi wake amewawekea sheria moja: ngazi hushukwa kinyumenyume, kipago kwa kipago. Anayeruka, siku hiyo hagusi brashi.

Naanza na sheria hiyo kwa sababu lilisemwa neno baya kuhusu goti lake, kwamba alianguka akiwa amelewa. Katika ukoo wetu hakuna mlevi. Ilivyokuwa ni hivi.

Yeye na mafundi wake walikuwa wakipaka dari ya ukumbi wa shule. Akarudi nyumbani akichechemea, goti limevimba kama boga.

"Nimejigonga kwenye ndoo," aliniambia.

"Ndoo ya zege?"

"Wifi, usinichoshe. Nipe barafu."

Zahanati walimpiga eksrei. Mfupa ulikuwa mzima, na kwa kuwa alishikilia habari ya ndoo, walimfunga bandeji wakampa dawa ya maumivu. Uvimbe ukashuka, lakini goti halikumtii tena. Akigeuka ghafla jikoni, linamwachia. Akiweka mguu kwenye ngazi, linatetemeka. Ikabidi apake kuta za chini na kuwaachia wengine dari, yeye ambaye dari ndiyo raha yake.

"Nisipopanda, wifi, mimi ni nani?" aliniuliza jioni moja akiosha rola zake. "Bi Ndoo?"

Tulicheka, lakini machozi yalimlenga. Asubuhi nikampeleka kwa daktari wa mifupa.

Daktari alimlaza, akamkunja magoti, akavuta muundi wa kila mguu kuelekea mbele. Wa mguu mzima uligoma. Wa mguu mbovu ulisogea kama droo. Kisha akamnyoosha mguu na kuisukuma pia ya goti, kile kifupa cha mbele, kuelekea nje. Kabla hajafika popote, wifi akamdaka mkono.

"Dada, ndoo haifanyi hivi," daktari alisema. "Goti hili lilitua likiwa limejipinda. Pia yake ilitoka mahali pake?"

Wifi alinitazama mimi, si daktari.

"Ilitoka. Ilikaa ubavuni mwa goti. Niliponyoosha mguu ikarudi yenyewe."

"Ulianguka?"

"Niliruka. Simu ilikuwa inaita chini, nikaruka kutoka kipago cha nne. Mafundi walikuwa nje wanakula. Ningewaambia nini, mimi mwenye sheria?"

"Sasa mtaa mzima unasema ulikuwa umelewa," nikamwambia.

"Si wangesema nimeolewa!"

Hata daktari alishindwa kujizuia.

Picha za mashine ya sumaku zilionyesha majeraha mawili. Kano ya katikati ya goti, inayozuia muundi usiteleze mbele, ilikuwa imekatika. Ya upande wa ndani, inayoshikilia pia ya goti, ilikuwa imechanika. Kutengeneza moja na kuacha nyingine, daktari alisema, ni kupaka rangi juu ya ukuta wenye unyevu. Lugha hiyo wifi aliielewa. Zote mbili zilitengenezwa kwa upasuaji mmoja, kwa kano zilizotolewa nyuma ya paja lake mwenyewe.

Yakafuata mazoezi: kukaza paja, kukunja goti polepole, magongo mawili, kisha moja, kisha kushika ukuta. Mtaalamu wa mazoezi alimkataza ngazi mpaka mguu ule ukaribie nguvu za mwenzake. Alinung'unika kila siku, na kila siku alifanya mazoezi.

Aliporuhusiwa, tulikwenda pamoja kwenye ule ukumbi wa shule. Dari iliyomalizwa na wengine ilikuwa na michirizi. Akawakusanya mafundi.

"Sikujigonga, na sikulewa. Niliruka ngazi."

Wakatazamana. Mmoja wao, mcheshi, akauliza, "Kwa hiyo leo mama hugusi brashi?"

Nilidhani atamfokea. Akavuta kiti, akaketi, na kutwa nzima akawachanganyia rangi.

Kesho yake alipanda. Aliifuta michirizi yote, kisha akaanza kushuka kinyumenyume, kipago kwa kipago. Alipofika cha nne, simu yake ikaita mezani. Fundi mmoja akaikimbilia.

"Iache iite," wifi alisema, akatafuta kipago kinachofuata kwa unyayo wa mguu ule ule.