Utepe wa Diwani

Kitambaa cha kisimani lazima kioze. Loveday Trewin alifundishwa hivyo na mama yake: chana kipande cha pamba au sufu, kichovye majini, kifunge kwenye mti wa miiba ulioinamia kisima, kisha uende zako. Kadiri kinavyooza ndivyo maradhi yanavyokwisha. Na asikifungue mtu mwingine, maana atakayekifungua ataondoka na shida za aliyekifunga.

Loveday ni Mpagani. Watu wengi wakiitwa hivyo wangegombana. Yeye huliandika neno hilo kwenye fomu za serikali bila kupepesa macho. Hutaona ajabu yoyote kwake. Ni mama wa miaka sitini na moja, mpishi wa shule ya msingi katika mji mdogo wa jimbo la Cornwall, Uingereza, na akikaanga vitunguu huimba vibaya sana.

Masika hayo usingizi ulimkimbia. Shamba lenye kisima lilikuwa limepata mmiliki mpya, naye alitaka njia ya kwenda kisimani ifungwe. Baraza la mji lingepiga kura Alhamisi. Sita walikuwa upande wa mwenye shamba, sita upande wa kisima, na wa kumi na tatu alikuwa Denzil Pascoe, aliyesoma naye darasa moja.

Denzil aliomba apelekwe kisimani. Alikuja na mpiga picha, akafungua utepe wa chama kifuani mwake, akaufunga mtini huku anatabasamu. Ulikuwa wa nailoni. Loveday aliuona, moyo ukamlipuka. Nailoni haiozi! Mtoto yeyote wa Wapagani angemkemea diwani papo hapo. Lakini aliiwazia ile kura, akanyamaza. Nami simsamehe kwa hilo, ingawa namwelewa.

Picha ilipotoka gazetini, wapinzani wa Denzil waliichapa kwenye vipeperushi: diwani wenu anaabudu miti. Jumatano alikuja jikoni kwa Loveday, ametoka jasho, mkononi ana barua.

"Loveday, rafiki yangu, nisaidie. Chama kimenikalia kooni."

"Kaa basi. Pasti ya nyama iko mezani."

"Sili. Tia sahihi hapa tu. Inasema kisima ni mila ya zamani, inawavutia watalii, haina uhusiano na dini. Ukitia, kesho napiga kura njia ibaki wazi."

"Na nisipotia?"

"Wapagani mko arobaini mji mzima. Wanaokwenda kanisani na wasiokwenda popote ni elfu nne, na wote wana kura. Usinitazame hivyo! Mimi sina ubaya na nyie."

"Wa kanisani uliwahi kuwaambia waandike kwamba Pasaka ni mila ya watalii?"

"Ah, hiyo ni tofauti."

"Tofauti yake nini, Denzil?"

Denzil aligeukia mlango. Aliiacha barua chini ya kibakuli cha chumvi.

Usiku kucha Loveday aliishika kalamu na kuiweka. Sahihi moja tu. Kisima kingebaki, watu wangeendelea kwenda, na wao wenyewe wangejua ukweli mioyoni. Kulipopambazuka barua ilikuwa bado haina sahihi, wala hakuwa ameichana. Aliikunja akaitia mkobani.

Barazani mwenyekiti alimpa dakika tatu. Alisimama, akashika kiti cha mbele. Wazazi wa shuleni walikuwa wamejaa nyuma, wale wale ambao watoto wao hula chakula chake.

"Mama Trewin, tusaidie tuelewe," mwenyekiti akasema kwa upole. "Hiki kisima ni mila, au ni dini?"

Denzil alimtazama, akatikisa kichwa kidogo, akimsihi.

"Mama yangu alipougua nilifunga kitambaa pale," Loveday akasema. "Sikufunga kwa ajili ya watalii. Niliomba. Ni dini yangu, mheshimiwa, na sina nyingine."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Zilipoitwa kura za kufunga njia, mkono wa Denzil ulipanda polepole, lakini ulipanda. Saba kwa sita. Uzio ungewekwa Jumatatu.

Loveday alilia garini, akajilaumu kwa barua, akajilaumu zaidi kwa nailoni. Jumapili asubuhi alikwenda kuaga. Alimkuta mtu amesimama mbele ya mti, mkasi mkononi. Denzil.

"Umefuata nini tena?"

"Chama kinataka utepe uondoke kabla wapinzani hawajapiga picha nyingine."

"Si ni wako? Ukate."

Denzil aliuinua mkasi, akaushusha. Inaonekana alikuwa hapo muda mrefu. Viatu vyake vilikuwa vimelowa umande.

"Siku ile nafunga," akasema, "nilimtaja Morwenna moyoni." Morwenna ni mkewe, mgonjwa wa mapafu tangu Krismasi. "Sijui kwa nini. Niliona nipo tu pale, nikamtaja."

Loveday aliutazama ule utepe.

"Nikiukata mwenyewe, je? Kuna ubaya?"

"Unaniuliza mimi? Juzi ulitaka nitie sahihi kwamba hapa hakuna dini."

"Loveday, tafadhali. Kata wewe. Wewe unajua maneno yake."

Hasira zilimpanda, na huruma juu yake, hata hakujua ipi itangulie. Aliupokea mkasi. Denzil akageuza uso. Loveday alichana upindo wa shati lake la pamba, akachovya kisimani, akaufunga kando ya ule utepe kwa ajili ya Morwenna, kisha akamrudishia mkasi wake.

"Huu wangu utaoza," akamwambia. "Wako siugusi."

Denzil aliutia mkasi mfukoni. Jumatatu wakaja mafundi na nguzo za uzio, na utepe wa chama ukabaki ndani.